Kanda ya Mzee Hoza

Mtu mmoja aitwaye Shemweta alikabidhiwa kituo cha televisheni. Kituo hakikuwa chake. Kilikuwa cha mji mzima, mji mdogo wa milimani, na watu wa mji walimwagiza jambo moja tu: tuoneshe sisi wenyewe.

Miaka ya mwanzo alifanya hivyo. Alibeba kamera begani akapanda vilima. Alimrekodi mama akifinyanga vyungu. Alimrekodi Mzee Hoza, fundi wa mfereji, akitembea kutoka mjini mpaka kwenye chanzo cha maji, akieleza hatua kwa hatua maji yanapita wapi chini ya ardhi. Picha zilitikisika. Majogoo waliwika katikati ya maneno. Watu walitazama, wakacheka, wakaitana majirani.

Halafu Shemweta akaanza kuona haya. Aliona vituo vya wenzake vikionesha michezo ya kuigiza ya nchi za mbali, wanawake wenye nywele za kumeremeta na harusi za kwenye majumba. Naye akaitafuta michezo hiyo. Kanda tupu hakuwa nazo, basi alichukua zile za zamani akarekodi juu yake. Kwenye kila kanda alipiga mstari juu ya jina la kwanza, akaandika jipya pembeni. Hakuna aliyemuuliza. Watu walitazama harusi, wakalia, wakaenda kulala.

Mzee Hoza akafariki. Mwaka uliofuata mvua iliteremsha udongo wa mlima, ukafunika mfereji, na mabomba ya mji yakakauka. Wanaume walichimba siku tisa. Wakachimba huku, wakachimba kule, wakapata mawe. Watu wakanywa maji ya mtoni, watoto wakaanza kuharisha, na wawili walikuwa na hali mbaya. Ndipo mtu akakumbuka: si tulimwona Mzee Hoza kwenye televisheni?

Mama Nakijwa, mwenyekiti wa kamati ya maji, akaja kituoni na jembe mkononi. Shemweta akamwambia kanda hiyo haionekani. Alisema hivyo akitazama sakafu. Mama Nakijwa hakubishana naye. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, na tangu hapo hakupita penye maandishi bila kuyasoma. Akaenda kwenye rafu, akapitisha kidole, herufi kwa herufi, mpaka akalikuta jina la Hoza chini ya ule mstari.

Shemweta akaona hana pa kujificha. Akakiri kwamba amemfuta yule mzee kwa kurekodi harusi juu yake.

Mama Nakijwa akaichomoa kanda ile rafuni. Kisha akasema, "Basi, mwanangu, mwite huyo bibi harusi wako, aje atuoneshe maji yalipo."

Hata hivyo alitaka aone kwa macho yake mwenyewe. Akavuta kiti, akaketi, jembe magotini. Wakatazama harusi yote. Wageni wakala, wakacheza, maandishi ya mwisho yakapanda, na Shemweta akanyoosha mkono azime. Kabla hajazima, kioo kikachafuka, kikavuma kama mvua juu ya bati. Mara akatokea Mzee Hoza, neno likiwa limekatika katikati, anagonga jiwe kubwa kwa fimbo. Akasema mfereji unaingia hapa, chini ya jiwe hili, na unatokea kule kwenye mikuyu miwili.

Ule mchezo ulikuwa mfupi kuliko safari ya Mzee Hoza, na mwisho wa kanda haukufutwa.

Shemweta alikaa chini sakafuni. Mama Nakijwa alikuwa ameshatoka, anaita watu. Siku ya pili yake maji yalifika mjini, kwanza ya matope, kisha safi. Wale watoto wawili wakanywa, wakapona. Shemweta naye akakinga mikono bombani, akanywa.

Lakini nusu ya kwanza haikurudi. Salamu za Mzee Hoza, jina la baba yake aliyemfundisha kazi, na vijito vitatu vya kule chini, vyote vimebaki chini ya harusi ya watu wasiotujua. Siku hizi Shemweta ana kamera begani tena, anawafuata wazee waliobaki.

Wenzangu, mchezo ule uliisha mapema kwa bahati tu. Je, huo unaourekodi wewe ukimfuta baba yako, una urefu gani?