Lumbesa ya Bwana Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Papai.

Bichi?

Limeiva mpaka linanukia mjini.

Basi, hapo kale wanyama wadogo walikuwa na ushirika wao wa mapapai, na mji uko ng'ambo tu ya mto. Sokoni papai likitua halikai. Lakini kivukoni alijilaza Bwana Kiboko, dalali wa kujipachika. Kila siku wimbo wake ni ule ule: "Mzigo hauvuki. Niuzieni mimi, tena nataka lumbesa." Yaani gunia livikwe kilemba cha mapapai juu ya mdomo, naye alipe bei ya gunia la kawaida. Mimi ningemtupia jiwe, ila ni mkubwa.

Siku hiyo ghala limejaa mapapai mabivu. Yakilala tena yanaoza, na jasho la msimu mzima linakwenda na maji. Bi Kindi, katibu wa ushirika, akashuka kivukoni mkia juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lumbesa yangu iko wapi?"

"Leo haina kikomo, mzee. Njoo ghalani upige magoti, tukutwike. Tutajaza mpaka wewe mwenyewe useme basi."

Kiboko akacheka, maji yakaruka. Akapanda ghalani, kwata kwata, akapiga magoti. Wakamtwika gunia, wakalivika kilemba cha mapapai yaliyobonyea. Pu, pu, pu.

"Basi, mzee?"

"Ongeza."

Swala akabeba mapapai mazuri, akavuka mto. Pu, pu, pu.

"Basi, mzee?"

"Ongeza."

Nungunungu naye akavuka. Pu, pu, pu.

"Basi, mzee?"

Kiboko macho yamemtoka, pumzi haipandi haishuki. Lakini dalali aseme basi mbele ya wakulima? Aibu hiyo ataiweka wapi?

"Onge... za."

Hata Kobe akavuka, akauza, akarudi anatafuna kashata.

Mara gunia likapasuka, pwaa! Maji ya papai yakamlowesha Kiboko masikio hadi mkia. Siafu wakanusa, wakaja ukoo mzima. Kiboko akatimua mbio hadi mtoni, chubwi, ikabaki pua tu.

"Bi Kindi," pua ikalia, "basi."

"Ungesema mapema, mzee, soko lingetupita."

Funzo, wanangu: msiwaseme vibaya madalali. Bila wao, mapapai mabovu angeyabeba nani? Hadithi yangu nimeitua hapa, anayeitaka ajitwishe.