Kikohozi cha Bwana Ngwali

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana mahakama ya Kitopeni ilikwisha kuwa na feni, ila feni haikuwa na nia ya kuzunguka, aliishi mwanamke aitwaye Bi Sikujua. Hakuwa wakili, hakuwa karani. Kazi yake ilikuwa kukaa. Mjane akiitwa mahakamani huku magoti yanagongana, Bi Sikujua hukaa ubavuni mwake. Yatima akiitwa, hukaa ubavuni mwake. Mtumishi wa ndani aliyepigwa na tajiri yake akiitwa, hukaa ubavuni mwake. Akakaa, akakaa, nywele zikageuka kutoka nyeusi hadi nyeupe, na benchi la koridoni likabonyea kwa umbo lake.

Akaunda chama, akakiita Ubavuni. Sasa magoti yaliyogongana yalikuwa yake mwenyewe, kwa uzee, naye alitaka kumkabidhi chama mtu mmoja. Mmoja tu, kwani aliwahi kuona chama cha maziko chenye wenyeviti wawili, na maiti akasubiri mpaka wakubaliane nani aanze kuhutubia.

Wasaidizi wake walikuwa watatu: Shomvi, Tatu na Siwema. Akawaambia, "Wanangu, kesi ya Bi Mwanakheri ndiyo yangu ya mwisho. Atakayemfanya aseme mbele ya hakimu, chama ni chake."

Bi Mwanakheri alikuwa mjane. Shemeji yake, Bwana Ngwali, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameishika nyumba yake yote, akamwachia jiko na jogoo. Haki alikuwa nayo, mashahidi alikuwa nao. Kilichomshinda ni kikohozi.

Maana Bwana Ngwali alikuwa na kikohozi cha heshima, cha kuanzia tumboni. Miaka yote ya ndoa, kabla ya kuingia uani alikohoa kwanza, ajulikane anakuja, na Bi Mwanakheri kwa adabu ya shemeji alijitanda kanga, akanyamaza mpaka apite. Basi na mahakamani, shemeji akikohoa, mjane anajitanda, anafunga mdomo. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mwisho hakimu akasema, "Siku ijayo huyu mama asiposema, shauri nalifuta." Likifutwa, nyumba imekwenda.

Shomvi akasema, "Mama, niachie mimi." Akahamia jikoni kwa mjane. Akimenya vitunguu, anakohoa. Akichota maji, anakohoa. Mwanzoni Bi Mwanakheri alijitanda mpaka mboga ikaungua. Baadaye akawa anageuka nusu tu. Mwishowe akamwambia, "Shomvi, baba, kakohoe nje. Unanitemea mate mchuzini."

Tatu akasema, "Mama, niachie mimi." Akaenda kwa karani kuomba mjane asimame akimtazama hakimu, shemeji awe mgongoni. Karani akamjibu, "Dada, hii mahakama, si harusi ya kupanga viti." Akarudi kesho yake. Akarudi tena. Alirudi mpaka hakimu akatoka chumbani kuuliza ni sauti ya nani hiyo inayomfuata hata kwenye chai, akakubali.

Siwema hakusema niachie. Siku ilipofika alikaa ubavuni, kama alivyofundishwa.

Hakimu akauliza, "Nyumba ni ya nani?"

Bwana Ngwali akakohoa. Mkono wa Bi Mwanakheri ukapanda kwenye kanga, ukasita. Akakohoa tena, kwa kina zaidi, na mkono ukaishika kanga.

Sasa, Ubavuni kuna sharti moja: ndani ya mahakama msindikizaji hafungui mdomo, asije akamharibia mtu kesi. Lakini Siwema alilelewa na bibi aliyempa pole kila anayekohoa, hata mbuzi. Likamtoka: "Pole, baba."

Mzee wa baraza naye, "Pole sana." Karani naye, "Pole, mzee." Askari wa mlangoni akauliza, "Tangawizi umejaribu?"

Bwana Ngwali, mtu wa adabu zake, angefanyaje? Akajibu, "Asanteni, nimeshapoa." Kile kikohozi cha kutetemesha ua kikawa cha mgonjwa. Mabega ya Bi Mwanakheri yakatikisika, kumbe anacheka. Kanga ikashuka.

"Mheshimiwa, nyumba ni yangu. Matofali nimefyatua mimi, na huyu anayekohoa hakuleta hata ndoo ya mchanga."

Akasema mpaka hakimu akaomba aipumzishe kalamu. Nyumba ikarudi. Siwema akafukuzwa ukumbini kwa kusema bila ruhusa, akasikilizia hukumu dirishani.

Jumamosi wakala pilau uani kwa mjane. Shomvi akasema, "Chama ni changu. Bila mimi angejitanda kwa kikohozi cha kwanza."

Tatu akasema, "Chama ni changu. Bila mimi angekuwa anatazamana na shemeji yake, na hilo jicho halina dawa ya tangawizi."

Siwema akasema, "Sharti nimevunja, sikatai. Ila kinywa chake kilifunguka baada ya changu, si kabla."

Bi Mwanakheri akaweka sahani chini. "Nyie mnagawana sauti yangu kama nyama ya akika. Aliyesema ni nani? Anayejua hofu ile inavyokaba ni nani? Chama nipeni mimi."

Wote wakamgeukia Bi Sikujua. Yeye aliyetumia maisha kuwapa watu ujasiri wa kusema, leo tonge liko mkononi na neno haliji. Ahadi ameitoa kwa kinywa chake. Jumatatu asubuhi mtumishi wa ndani ataitwa mahakamani, na lazima kuwe na mwenye chama wa kuamua nani akae naye.

Haya, mliokula pilau na msiokula, msimwachie mama wa watu peke yake. Aliyemzoesha, aliyemsimamisha, aliyevunja sharti, au aliyesema mwenyewe: je, chama alistahili nani?