Kiti cha Spika Kiboko

“Mheshimiwa Spika, wananchi wangu wanywe nini?”

Waheshimiwa walitazama kwato zao. Mmoja akakohoa. Mwingine akajifanya anatafuta kupe mgongoni.

Lakini subirini, nimekurupuka, nimeanzia katikati. Tuanze kistaarabu.

Ngano, ngano!

— Ipakue ingali moto!

Niipakue na ukoko?

— Na ukoko wake!

Ni ya uwongo!

— Mwenyewe yupo!

Basi hapo kale wanyama walikuwa na Bunge lao, na Bunge lilikuwa na Spika wake, Kiboko. Bunge lilikaa ukingoni mwa bwawa, na Kiboko alikaa ndani ya bwawa, pua juu, tumbo chini. Ukaja ukame. Mito ikakauka, visima vikakauka, likabaki bwawa hilo hilo moja. Kiboko alipoona hivyo akapiga mkia majini, pwaa! akatangaza:

“Bunge lina Spika mmoja na Kiti kimoja! Na bwawa hili ndilo Kiti. Anayekunywa bwawa anakunywa Kiti, na anayekunywa Kiti amelidharau Bunge!”

“Makofi!” akapayuka Ngiri. Ngiri huyu alikula amepiga magoti, akasifu amepiga magoti, mwisho hata kusimama akasahau.

Pa, pa, pa, pa!

Tangu siku hiyo wanyama wakawa wanakwenda na kiu, wanarudi na kiu. Waheshimiwa peke yao waliruhusiwa kulamba tope la ukingoni, ulimi mmoja kwa kikao kimoja. Hiyo ndiyo ilikuwa posho. Na mwenye tope mdomoni, ndugu zangu, hasemi.

Ila Pimbi alisema. Pimbi alikuwa mbunge wa Mawe Makavu, pale pale juu ya bwawa, kimo chake chungu cha mboga. Kule kwao watu waliishi kwa kulamba umande juu ya mawe, na sasa umande wenyewe ulikuwa umegoma. Wazee wakakata shauri: Bunge likifungwa bila maji, tunahama. Na kuhama kutoka Mawe Makavu ni kuvuka mbuga tupu, isiyo na kichaka wala shimo, na juu ya mbuga ile wapo Tai. Tai humla pimbi kama sisi tunavyotafuna karanga. Na Pimbi alikuwa na mapacha, miguu yao bado milaini.

Bunge lilibakiza siku tatu.

Siku ya kwanza Pimbi akauliza swali lile mlilolisikia. Kiboko akapiga mwayo, hooooo! “Kaa chini, Pimbi! Kiti hakiulizwi.”

Pimbi akakaa chini.

Siku ya pili akasimama tena. “Mheshimiwa Spika, maji hakuna, malisho hakuna, vijana wanashinda wamelala kivulini kwa kukosa kazi. Bunge hili linafanya nini?”

“Mchakato unaendelea,” akasema Kiboko. “Kaa chini, Pimbi! Kiti hakijibizwi.”

“Hata jina lenyewe, pimbi!” akadakia Ngiri. Wakacheka waheshimiwa, kwa kwa kwa, mpaka tope likawatoka puani.

Pimbi akakaa chini.

Alipofika nyumbani mapacha wakamkimbilia. “Mama, Spika kasemaje?”

“Kasema mchakato unaendelea.”

“Mchakato unanyweka?”

Pimbi akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akawaza: Kiti hakiulizwi, sawa. Kiti hakijibizwi, sawa. Je, Kiti hakihamishwi?

Siku ya tatu, siku ya kufunga Bunge, Pimbi akasimama, kajipangusa vumbi, kajinyoosha masharubu.

“Kaa chini, Pi—”

“Mheshimiwa Spika, leo sina swali. Nina pongezi.”

Masikio ya Kiboko yakasimama, viu! “Pongezi? Ongeza sauti, mwanangu, ongeza sauti.”

“Mheshimiwa, mwenzenu naona aibu. Spika mzima, tumemkalisha bondeni! Twiga anauona utosi wako. Konokono akipanda ukingoni anakutazama kwa juu. Hata Ngiri akipiga magoti, bado yuko juu yako!”

Bunge zima likamgeukia Ngiri. Ngiri akalala kifudifudi upesi.

“Kwa hiyo naomba kutoa hoja,” akasema Pimbi, “Kiti cha Spika kiwe juu ya mwamba wa Mawe Makavu, palipo juu kuliko pote nchini, ili taifa zima likitaka kumwona liinue shingo.”

“Naafiki!” akapiga kelele Ngiri kutoka pale pale chini.

Kiboko akameza mate. “Nitakuwa juu kuliko Tembo?”

“Tembo atakuwa anaona nyayo zako tu.”

“Wanaoafiki waseme ndiyo!”

“Ndiyoooo!”

“Wasioafiki waseme siyo!”

Konokono akaanza kusema “si…”, lakini Konokono hata neno lake hutambaa.

“Walioafiki wameshinda!” Kiboko akagonga meno, ko! ko! ko!

Wakampandisha. Haya sukuma! Eee! Vuta mbele! Eee! Sukuma nyuma! Eee! Jua lilipofika utosini, Spika naye alikuwa kileleni. Taifa likainua shingo. Pa, pa, pa, pa! Kiboko akatabasamu kushoto, akatabasamu kulia. Kisha mwamba ukaanza kumkaanga, chwaaa! Akainua mguu huu, akashusha ule. Mgongo ukaanza kupasuka kama ugali uliolala.

“Inatosha,” akasema. “Mmeniona. Narudi bwawani.”

“Utaratibu, Mheshimiwa Spika!” akasema Pimbi. “Naomba tusomewe Hansadi.”

Mwenye Hansadi alikuwa Kasuku. Hakuandika hata herufi, na hakusahau hata kikohozi. Akajikohoza, akatoa sauti nzito ile ile ya Kiboko: “Bunge lina Spika mmoja na Kiti kimoja!”

“Na Kiti kiko wapi?”

“Juu ya mwamba wa Mawe Makavu! Walioafiki wameshinda! Ko! Ko! Ko!”

“Basi kule chini,” akauliza Pimbi polepole, “ni nini?”

Wakatazamana. Twiga ndiye aliyeropoka, mdomo wazi: “Jamani… kule chini ni maji!”

Vrrrrr! Vumbi likatimka! Swala, Nungunungu, Pundamilia, wazee wa Mawe Makavu, mapacha wa Pimbi wakiwa mgongoni kwa Pundamilia mmoja asiyewajua hata majina. Wakanywa, gu, gu, gu, matumbo yakawa ndi.

“Waheshimiwa!” Kiboko akalia kule juu. “Naungua!”

“Andika barua,” akasema Pimbi.

“Kwa nani?”

“Kwa Spika.”

Kiboko akafikiri. Kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, akafikiri. Akaona ama kiende Kiti, ama iende ngozi.

“Najiuzulu!”

Akateremka kwa makalio, porororo, akafika bwawani akiwa raia wa kawaida, akaambiwa apange foleni. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Konokono, na mwendo wa Konokono mnaujua. Watu wa Mawe Makavu hawakuhama. Tai walingoja juu ya mbuga mpaka shingo zikakakamaa, wakaenda zao kutafuta panya.

Nayo ngano yangu imefika kwao, imevua viatu, imelala.

Funzo lake, maana wakubwa hawapendi ngano itembee bila funzo, ni hili: mheshimuni Spika, msiulize maswali, na ikiletwa hoja ya pongezi pigeni makofi bila kusikiliza. Kiongozi hakosei kamwe. Ukimwona kakosea, basi umesimama upande mbaya.

Na wewe uliye karibu na mlango, Kiboko ana ndugu wengi mjini hapa. Naomba uufunge.