Ufa Ulikwenda Wapi?

Wapendwa, leo sitawabembeleza. Nisikilizeni.

Kulikuwa na fundi mkuu mmoja katika karakana ya mgodi. Kazi yake ilikuwa kutunza kulabu, kile chuma kinachobeba kizimba cha kuwashusha wachimbaji shimoni. Ikikatika, watu wamekwisha. Kwa hiyo ilikuwa ikipimwa, tena kwa njia ya zamani: wanailoweka kwenye mafuta ya taa, wanaifuta, wanaipaka chaki. Penye ufa, mafuta hutoka na kuilowesha chaki. Njia hiyo iliokoa watu enzi zake, siibezi. Lakini ufa mwembamba haiuoni. Ndiyo maana wakubwa wa usalama waliikataza, wakaidhinisha dawa mpya, rangi nyekundu inayopenya hata penye ufa mwembamba kama unywele.

Siku ya kwanza ya dawa ile, mama aliyeajiriwa kupima aliona mstari mwekundu shingoni mwa kulabu. Akaisafisha, akapima tena. Mstari uko palepale. Akamwita fundi mkuu.

"Miaka yote kulabu hii ni nzima," fundi akafoka. "Leo umekuja na dawa yako, ndiyo inapasuka?"

"Mzee wangu, haijapasuka leo. Leo ndiyo tumeona."

"Dawa yenyewe kali, inakula chuma! Leteni mafuta ya taa."

Wakapima kwa mafuta ya taa na chaki. Chaki ikabaki nyeupe pe! Fundi akacheka: "Umeona, mama? Nzima!" Wakairudisha kazini.

Nawauliza, wapendwa: ufa ulikwenda wapi?

Haukwenda popote! Ulikuwepo asubuhi ile wachimbaji walipoingia kizimbani wakitaniana, na kulabu ikakatika. Msibani, fundi alilia mbele ya wajane: "Jamani, tuliipima!" Na hakusema uongo. Hilo ndilo linalonichoma. Aliipima kweli, kwa kipimo alichojua hakitaona kitu.

Mnamkasirikia? Naona mnatikisa vichwa. Ngojeni kwanza.

Binti anakuja mbele yetu sisi wazee wa kanisa, anasema mwalimu wa kwaya anamshika isivyofaa. Sisi tunafanyaje? Tunasema, "Watoto wa siku hizi! Zamani mambo haya hayakuwepo." Hayakuwepo, au hakuna aliyethubutu kuyasema? Kisha tunamwita mwalimu, tunamuuliza, "Ni kweli?" Anajibu, "Hapana, wazee wangu." Basi! Tunaomba, tunafunga kikao, tunamwonya binti asichafue jina la kanisa. Eti tumechunguza!

Mimi nilikuwepo kwenye vikao vya namna hiyo, na ninyi mlikuwepo. Aibu yetu! Sisi hatukutaka kujua. Tulitaka tu kuweza kusema kwamba tuliuliza.

Na Jumamosi inayofuata tunamkabidhi mtu yuleyule watoto wetu, mlango wa chumba cha mazoezi ukiwa umefungwa.

Haya, semeni amina, kama mnaweza.