Jumamosi za Valentina

Valentina alikuwa amechoka, tena uchovu ule usioondoka kwa kulala. Alikuwa msichana wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, aliyemaliza sekondari kwa Kireno kisha akaja kusomea uuguzi katika chuo kimoja cha Nachingwea. Kimakonde alizaliwa nacho, Kiswahili alikiokota kwa wachuuzi wa mpakani. Nani angemdhania mgeni? Lakini chuoni masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza, jamani, kilimpiga chenga mchana kweupe.

Kila Jumamosi Mwalimu Winfrida aliwafundisha Kiingereza cha hospitali wanafunzi waliotoka nje ya nchi. Wiki ya kwanza tu alimwita Valentina.

"Jina lako nimeliandika kwenye darasa langu."

"Lifute tu, Mwalimu. Mimi hapa ni nyumbani. Mjomba wangu anaishi Narung'ombe, kule Ruangwa."

"Sikuulizi habari za mjomba. Kiingereza unakielewa?"

"Nakielewa, Mwalimu."

Loo! Hakuelewa hata chembe. Ila Mjomba Dominiko, aliyemlipia ada kwa ufuta wake, alikwisha kutamba kijiji kizima kwamba mpwa wake ni kichwa. Angeanzaje kusema hajui? Basi akawa ananakili ubao neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri hata wenzake wakaazima madaftari yake. Alikariri asichokijua hadi macho yakamwasha. Jaribio la kwanza akaanguka, akasingizia malaria. La pili akaanguka, akasingizia msiba. Uongo nao unachosha kuliko kulima.

Zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya mtihani wa mwaka, wakapelekwa wodini. Sista Koleta, msimamizi wa wodi, akamkabidhi faili la mama mmoja mjamzito.

"Soma maagizo ya daktari, kisha umpe dawa yake."

Valentina akatazama maandishi. Yalikuwa mengi, na yote yalimnyamazia. Yule mama akanyoosha kiganja.

"Nipe basi, mwanangu."

Kiganja kile kilimmaliza. Mama wa watu alikuwa tayari kumeza chochote atakachopewa! Valentina akaweka sinia chini.

"Sista, sijui kilichoandikwa hapa. Kiingereza sikijui tangu nilipofika."

Sista akampa mama dawa mwenyewe, kisha akampeleka Valentina kwa Mwalimu Winfrida, ambaye hakumfokea. Alikaa kitako na kushusha pumzi, maana naye alikuwa amechoka.

"Jumamosi ngapi nimekungoja, Valentina? Kwa siku tisa sitaweza kitu. Ukiufanya mtihani ukaanguka, watakufukuza. Nimekuombea urudie mwaka. Mpigie mjomba wako."

Hiyo ndiyo simu aliyoiogopa mwaka mzima. Alieleza yote huku akilia kwa kwikwi.

"Mwanangu," Mjomba Dominiko akasema, "mimi hata barua za kata husomewa na jirani. Nimekufa? Ungeniambia siku ile ile, tungejua la kufanya."

Valentina alikaa chini palepale aliposimama, simu mkononi. Aibu aliyoilinda kwa mwaka mzima hapakuwa na mtu aliyeijali ila yeye, na mwaka ndio huo umekwenda, haumrudii tena. Wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai.