Juisi ya Mwanasiti na Choo cha Sokoni

Hapo zamani, giza likiwa bado limelala juu ya mapaa, ulisikika mlio mmoja tu: kwii! Lilikuwa gurudumu la kiti cha Mwanasiti, muuza juisi ya ukwaju asiyeweza kutembea, akienda sokoni.

Soko zima lilikunywa juisi yake. Yeye hakunywa. Hakunywa juisi, hakunywa maji, hakunywa hata chai ya asubuhi, kwa kuwa choo cha soko kilikuwa na ngazi, na juu ya ngazi mlango mwembamba. Daktari alimwonya, "Mama, kunywa. Figo zako zinaumia."

"Nikinywa, daktari, nitakwenda wapi?"

Wateja walipomuuliza juisi yake inaitwaje, alijibu, "Bado haina jina. Siku nitakayoinywa papa hapa sokoni, nitaipa jina la aliyeniwezesha."

Siku alizobanwa na haja, Makungu, muuza mihogo, alimbeba mgongoni akapanda naye, watu wakitazama. Mwanasiti aliinamisha uso, aibu ikimchoma.

Mwisho akachoka. Akasukuma kiti mpaka chini ya ngazi, akaziba njia, akafunga breki. Mwenyekiti wa soko akaja mbio, magoti yamebanana.

"Dada, nipishe!"

"Nikupishe uende wapi? Ngazi hizi zimenishinda miaka yote. Leo na zitushinde sote."

"Tutajenga! Wallahi tutajenga!"

"Paza sauti, mwenyekiti. Wa kwenye nyanya hawajasikia."

"TUTAJENGA!"

Soko likaangua kicheko. Mwanasiti akampisha.

Basi Fundi Mbaruku akavunja ngazi, akapanua mlango, akajenga mteremko. Ulikuwa mkali; Mwanasiti alipoujaribu alirudi kinyumenyume hadi kwenye matenga ya nyanya, akacheka mpaka machozi. Mbaruku akaivunja kazi yake, akajenga upya bila malipo, mteremko mrefu na mpole. Lakini ndani kiti hakikuweza kugeuka. Kidawa, mtunza choo, akatoa stoo yake ya kuuzia sabuni iliyopakana na choo, ukuta ukabomolewa. Tangu hapo aliuza sabuni juani.

Siku ikafika. Mwanasiti akanywa glasi, akanywa nyingine, akangoja. Kisha akapanda mwenyewe, akaingia mwenyewe, akajifungia mwenyewe. Alitoka akiimba. Nyuma yake akaingia mjamzito, akaingia babu wa mkongojo, akaingia mama mwenye pacha.

"Juisi ni Mbaruku!" akasema fundi. "Nimejenga mara mbili. Bila mteremko ungeingia kwa mabawa?"

"Juisi ni Kidawa!" akasema Kidawa. "Mteremko ungekufikisha mlangoni tu, shoga, ukageuka ukarudi. Mimi nimetoa riziki yangu."

Makungu akashika kiuno. "Juisi ni Makungu! Kabla ya mteremko, mteremko ulikuwa mgongo huu. Ningekuacha, leo ungekuwa na figo za kunywea?"

"Na yule aliyenizibia mie njia?" akadakia mwenyekiti. "Bila yeye, nani angeanza?"

Wakacheka. Mwanasiti akawatazama mmoja mmoja, akawapenda wote. Akainua glasi, akavuta pumzi, akalitaja jina moja.

Waliokuwa mbele walilisikia. Waliokuwa nyuma, vigelegele viliwazidi. Nanyi mko nyuma, basi semeni wenyewe: je, nani alistahili juisi ile iitwe kwa jina lake?