Perege wa Mzee Kisaka

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitikia kama amekula samaki aliyeoza? Tena! Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, chini ya mlima wenye barafu kileleni, palikuwa na mzee akiitwa Kisaka. Alifuga perege katika bwawa nyuma ya nyumba. Watu wengi kule walikuwa na mabwawa, lakini Kisaka peke yake alikuwa na sanduku la barafu. Nyani walimteremshia barafu kutoka kileleni, imefungwa kwa majani makavu ya migomba, naye akaringa nalo hilo sanduku kuliko mke mpya.

Binti yake Ndeshi alipochumbiwa, Kisaka akavua perege wanono, akawalaza barafuni. Hakuwapasua. Hakuwatoa matumbo. Alitaka wakwe wawaone wazima wazima.

Desturi ya kule, samaki wa harusi hukaguliwa na Paka. Paka akaja, akatazama jicho, akafunua shavu, akabonyeza tumbo.

"Jicho linang'aa, shavu jekundu, tumbo gumu. Wapike leo."

"Harusi si leo," Kisaka akasema.

Mvua ikanyesha, wakwe wakaahirisha. Barafu ikayeyuka, maji ya damu yakatuama sandukuni. Kisaka akamwaga maji? Thubutu! Akaongeza barafu juu. Paka akarudi, akatazama jicho, akafunua shavu, akabonyeza tumbo.

"Jicho limezama, shavu limefifia, tumbo limelegea. Mzee, hawa wanaondoka."

"Wataondokaje na barafu ipo?"

Mvua ikazidi. Kisaka akaongeza barafu juu ya barafu. Paka akaja mara ya tatu. Hakutazama jicho, hakufunua shavu, hakubonyeza tumbo. Alifika mlangoni akapiga chafya, akageuka.

Ndeshi akamwambia, "Baba, bwawa limejaa samaki. Tupa hawa, tuvue wengine."

"Wa bwawani hata maskini anao! Bi Aikande, mama mkwe wako, aje anione sina barafu?"

Basi akamwita Fisi awe mkaguzi. Mnacheka nini? Alimwita Fisi! Fisi akainamisha pua sandukuni, machozi ya furaha yakamtoka.

"Jicho tamu! Shavu tamu! Tumbo tamu! Mzee, hawa wameiva!"

"Umeona, Ndeshi? Huyu ndiye mjuzi."

Siku ya harusi, jua la mchana likiwaka, wakwe wakaketi. Mbele yao Bi Aikande, mama wa bwana harusi, mwanamke asiyecheka bila sababu. Desturi ilimtaka baba wa binti amege samaki, ale yeye kwanza, kisha amlishe mkwe kwa mkono wake. Wakwe wasipokula, hakuna harusi.

Sinia likaletwa, na pilipili ya kuzibia harufu. Wageni wakashika pua. Kisaka akanyoosha mkono.

Perege akafumbua jicho.

"Mzee Kisaka, unanila au unanizika?"

Yallah! Wanawake wakapiga yowe, wanaume wakaruka viti.

"Nyamaza," Kisaka akanong'ona, "wageni wapo!"

"Ulinilaza na matumbo yangu, nikanyamaza. Ukaniloweka kwenye maji ya damu, nikanyamaza. Ukanifunika barafu nisinuke, nikanyamaza. Sasa unataka kunitia kinywani mwa watu!"

Bi Aikande akasimama. "Kisaka! Hiki ndicho ulichoniwekea? Mwanangu, inuka, twende."

Kisaka akamtafuta Ndeshi kwa macho. Kiti cha bibi harusi kilikuwa kitupu.

Mara huyo anatoka nyuma ya nyumba, matope mpaka kiunoni, nguo ya harusi imekuwa tambara, wavu begani, perege wanapiga mikia.

"Mama, shika huyu," akamwambia Bi Aikande. "Akiacha kuruka mkononi mwako, nenda zako."

Bi Aikande akamshika. Akatazama jicho, akafunua shavu, akabonyeza tumbo. Samaki akampiga kofi la mkia usoni. Bi Aikande akajifuta, akaketi.

"Washeni moto. Binti huyu namchukua. Baba yake abaki hapa na sanduku lake."

Wakala, wakaimba, wakaondoka na Ndeshi. Kisaka akachimba shimo, akazika perege wa barafu. Hakuna aliyemsindikiza ila Fisi, aliyelia mazikoni mpaka akakauka sauti.

Wageni walipotokomea njiani, Fisi akafukua. Hajaacha kufukua makaburi mpaka leo. Na Paka, hata umpe nyama ya leo leo, hunusa kwanza. Harufu ya mlango wa Kisaka haijamtoka puani.

Yangu yameishia hapo. Nyie mnaonitazama hivyo, nendeni mkafunue masufuria yenu.